Tindikali Ikimwagika: Mtu Kwanza, Mali Baadaye

Na Katibu wa Chama

Ndugu Wanachama,

Hapana mchumaji wa karafuu asiyewajua maji moto, wale sisimizi wekundu washonao majani ya mkarafuu wakafanya nyumba. Mtu akiushika utagaa wenye kiota chao, humwuma kwanza, kisha humrushia maji penye jeraha, na hapo ndipo jina lao linapojulisha maana yake. Mtaalamu mmoja, M. J. Way, alikaa Unguja akiwachunguza sisimizi hawa juu ya mikarafuu, na mwaka 1954 akachapisha aliyoyaona. Lakini wazee wetu hawakungoja kitabu. Walijua zamani kuwa mchumaji aliyepatwa na maji moto hushuka mtini kwa haraka kuliko alivyopanda.

Maji hayo ya sisimizi yana tindikali iitwayo fomiki. Jina hilo limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya sisimizi, kwa sababu hapo kale ilipatikana kwa kuwachemsha sisimizi na kukusanya mvuke wao. Mwingereza John Ray aliieleza habari hiyo mwaka 1671. Leo haitafutwi tena kwa sisimizi. Hutengenezwa viwandani, hutiwa katika madumu, na hufika hata visiwani kwetu, kwa kuwa ndiyo hutumika kuugandisha utomvu wa mpira. Basi fikirini, ndugu zetu: ikiwa chembe ndogo ya sisimizi humtoa mtu mzima machozi, dumu zima likipasuka itakuwaje?

Hatuliulizi swali hili kwa kupenda maneno. Limetufika, na limetufika katika bohari yetu wenyewe.

YALIYOTUPATA

Msimu uliopita, wakati karafuu zimepamba moto, mtu mmoja asiyekuwa mwanachama alikuja ofisini. Gari yake ilikuwa imeharibika njiani, naye alikuwa na madumu matatu ambayo alisema ni "dawa ya mpira". Akaomba tumwekee usiku mmoja tu. Sisi tukaona ni ubinadamu kumsaidia msafiri, tukampa nafasi katika pembe ya bohari, nyuma ya gunia za karafuu. Hatukuuliza dawa hiyo ni ya namna gani. Hatukukitazama kibandiko. Usiku mmoja ukawa siku kumi na moja.

Siku ya kumi na moja, alasiri, gunia lililopangwa vibaya liliporomoka, likaliangukia dumu mojawapo, nalo likapasuka ubavuni. Mara harufu kali ikajaa, mfano wa siki lakini yenye kuchoma pua na kutoa machozi. Waliokuwapo walikuwa mzee wetu mpimaji, akina mama watatu waliokuwa wakichambua karafuu barazani, na kijana wa miaka kumi na saba aliyekuwa akisaidia kubeba.

Neno la kwanza lililosemwa lilikuwa hili: "Okoeni karafuu!"

Kijana akaingia miguu mitupu. Akavuta gunia la kwanza, la pili, la tatu. Katika la nne akateleza, akaanguka ubavu mzima katika maji yale. Alipotolewa nje alikuwa akipiga kelele. Mmoja wetu akachukua kitambaa akampangusa. Mwingine akakimbilia mafuta ya nazi akampaka. Pipa la maji lilikuwa hatua kumi tu kutoka pale, limejaa, na hakuna aliyelikumbuka. Kikoi chake kilichorowa tindikali kikaachwa mwilini, kwa sababu kulikuwa na wanawake na watu waliona haya kumvua. Alikwenda nacho mpaka hospitali.

Mtu mmoja tu alifanya la busara. Nyuma ya bohari palikuwa na jiko la makaa lenye birika ya chai. Mama mmoja katika wale wachambuaji, bila ya kuambiwa na mtu, alilifukia jiko lile kwa mchanga. Alipoulizwa baadaye alijibu kuwa kitu chenye harufu ya namna ile hakikumpendeza kukaa karibu na moto. Kwa hiyo tulipatwa na msiba mmoja, wala hatukupatwa na miwili.

Kijana alilazwa majuma sita. Leo anakwenda, tunashukuru, lakini goti lake halikunji sawasawa, na msimu huu hakupanda mkarafuu. Gunia nne zilizookolewa zimeandikwa katika daftari letu kama kawaida, na kila tukiufungua ukurasa ule twaona haya. Kosa halikuwa la kijana, wala la mzee peke yake. Lilikuwa letu sisi wenye dhamana ya bohari. Ndiyo sababu tumeona yatupasa kuyaandika haya, ili lililotupata sisi lisimpate mwanachama mwingine katika banda lake.

ADUI MWENYE SILAHA MBILI

Watu wengi wajua kuwa mafuta ya taa huwaka, na wajua kuwa maji ya betri hula nguo na ngozi. Wachache wafahamu kuwa kimiminika kimoja chaweza kufanya yote mawili. Tindikali ya fomiki iliyo kali, na ndugu yake tindikali ya asetiki, ambayo nayo hutumika katika kazi ya mpira, ni za namna hiyo: hula mwili, na mvuke wake hushika moto.

Jambo hili si geni kwetu tukilifikiri vizuri. Mafuta ya makonyo yanayotolewa katika kiwanda cha Wawi, Pemba, ni mafuta yetu wenyewe. Tone lake likigusa ulimi huchoma, likiingia jichoni ni balaa, na yakipata joto jingi huwaka. Ila kuna tofauti moja inayofaa kukumbukwa. Mafuta ya makonyo hayachanganyiki na maji. Ni mazito kuliko maji, nayo huzama chini. Tindikali hizi huchanganyika na maji kabisa. Kwa hiyo maji mengi ndiyo dawa yake mwilini, kwa kuwa huizimua na kuichukua.

Tindikali ya asetiki ndiyo ile iliyomo katika siki. Lakini siki ya mezani ina kiasi cha sehemu 5 tu katika 100, na iliyobaki ni maji. Ile ya madumu yaweza kuwa karibu tupu, isiyo na maji. Hiyo ikifika joto la digrii 39 za sentigredi hutoa mvuke wa kutosha kushika moto ukikutana na cheche. Digrii 39 si joto kubwa hapa kwetu. Dumu lililoachwa juani mchana wa kaskazi, au lililowekwa chini ya paa la bati, halikawii kulifikia. Tena mvuke wa tindikali hizi ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu kama moshi. Hutambaa chini, huingia mashimoni na mabondeni, na waweza kulifuata jiko lililo mbali na dumu.

Liko na jambo la tatu. Tindikali ikikaa juu ya chuma, bati au sufuria ya alumini, huila, na katika kula huko hutoka hewa ya haidrojeni, ambayo nayo huwaka upesi sana. Na ikimwagika juu ya sakafu ya chokaa au jiwe la matumbawe, ambayo ndiyo mawe ya nyumba zetu nyingi, huchemka na kutoa povu. Mtu asiyejua hudhani ni moto, au husogea karibu apate kutazama ajabu. Asisogee.

KUJUA KABLA YA KUMWAGIKA

Dumu halisemi, lakini kibandiko chake husema. Hapana haja ya kujua Kiingereza ili kukisoma. Tazameni alama ya mraba uliosimama kwa pembe yake. Ikiwa na picha ya vijichupa viwili vinavyomwaga matone, tone moja likila mkono wa mtu na jingine likila kipande cha chuma, na chini imeandikwa tarakimu 8, basi kilichomo hula mwili. Ikiwa pana alama ya pili, nyekundu, yenye picha ya mwali wa moto na tarakimu 3, basi kilichomo huwaka pia. Zikiwa zote mbili juu ya dumu moja, huyo ndiye adui mwenye silaha mbili.

Tazameni pia nambari ya tarakimu nne yenye herufi UN mbele yake. Nambari hii ni moja ulimwenguni kote. Tindikali ya fomiki iliyozidi sehemu 85 katika 100 ni 1779. Iliyo kati ya 10 na 85 ni 3412. Tindikali ya asetiki iliyozidi sehemu 80 ni 2789. Iliyo chini ya hapo, kati ya 10 na 80, ni 2790. Mtu akipiga simu kwa Zimamoto akawatajia nambari hizo nne tu, amewaeleza mengi kuliko angesema "kuna dawa imemwagika". Lakini isomeni nambari kabla ya ajali, mngali mmetulia. Baada ya dumu kupasuka, mtu asilikaribie kwa ajili ya kusoma kibandiko.

Na dumu lisilo na kibandiko lisipokewe. Sisi tulipokea.

IKIISHA KUMWAGIKA

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Tindikali huzoleka, lakini kwa mwenye zana na kwa wakati wake. Haya ndiyo ya kufanya, kwa utaratibu wake:

1. Ondokeni. Kila aliyemo atoke, na asiingie mwingine. Kitabu cha mwongozo wa dharura kinachotumiwa na wazima moto wa Marekani, Kanada na Meksiko, toleo la mwaka 2024, chasema watu wawekwe mbali kwa mita 50 kila upande, yaani kiasi cha hatua 70 za mtu mzima. Ikiwa tangi la gari limezungukwa na moto, umbali ni mita 800. Kwa hiyo watoto wasiachwe wakakusanyika kutazama.

2. Simameni upande unakotoka upepo. Kukivuma kusi, nendeni upande wa kusini; kukivuma kaskazi, nendeni upande wa kaskazini, mvuke upeperukie mbali nanyi. Msikae bondeni wala shimoni.

3. Zimeni moto wote. Majiko, sigara, taa za mafuta, chetezo, injini za gari na za mashine. Taa ya umeme isiwashwe wala isizimwe ndani ya chumba chenye mvuke, maana swichi hutoa cheche.

4. Pigeni simu kwa Kikosi cha Zimamoto na Uokozi. Semeni mahali, nambari ya tarakimu nne ikiwa yajulikana, kiasi kilichomwagika, na idadi ya watu walioumia.

5. Mwenye kurushiwa atiwe maji. Hili twalieleza kwa urefu hapa chini.

6. Lizuieni lisifike kisimani. Ikiwa mwaweza kufanya hivyo kwa mbali na bila ya kulikanyaga wala kuvuta mvuke, pigeni tuta la mchanga au udongo mkavu mbele ya njia ya maji, mtaro au kisima. Kama haiwezekani kwa salama, acheni. Kisima chaweza kufungwa, mtu hafungiki.

Mmwagiko mdogo, kwa mfano kikombe kimoja kilichomwagika nje penye upepo, waweza kushughulikiwa na mwenye kazi hiyo, akiwa na viatu vya mpira, glavu nene za mpira zifikazo kiwikoni na miwani ya kufunika macho. Autupie mchanga mkavu au udongo mkavu, ausubiri unywe, kisha auzoe kwa koleo ya plastiki na kuutia katika ndoo ya plastiki, mahali pa wazi, usubiri maelekezo ya wataalamu. Glavu nyembamba za hospitali hazifai. Kanzu, kikoi na kanga hazikingi kitu. Huinywa tindikali na kuishika mwilini.

Mmwagiko mkubwa si kazi yetu. Kazi yetu ni kuondoa watu, kuzima moto, kuita msaada na kungoja.

MAJI, MAJI, MAJI

Yule kijana wetu angepata maji katika dakika ya kwanza, huenda leo angekuwa juu ya mkarafuu. Basi lishikeni hili hata mkisahau mengine yote.

Aliyerushiwa tindikali mwilini atiwe maji safi mara ile ile, mengi, yanayotiririka, kwa muda usiopungua dakika 30. Nusu saa si kidogo. Mtu atalia, atasema basi, na nyinyi mtaona ngozi imekwisha kuwa safi. Msiache. Kama hapana bomba, simameni kwa zamu na kata pale penye pipa. Maji yasirudi pipani baada ya kupita mwilini, wala mtu asiingizwe ndani ya pipa.

Nguo zivuliwe huku maji yakimwagwa, pamoja na viatu, mkanda, saa na pete. Hapa twataka kusema waziwazi, maana hapa ndipo tulipokosea. Haya ni katika imani, lakini haya isiyookoa mtu si mahali pake. Akina mama wachukue kanga, wamzungushie aliyeumia pazia, mwanamke ashughulikiwe na wanawake na mwanamume na wanaume, na kazi iendelee. Kanga mbili na watu wanne watosha. Nguo iliyorowa ikibaki mwilini huendelea kula ngozi kila dakika, na mwili nao huvuta sumu yake ndani.

Jicho likirushiwa, lifunguliwe kwa vidole, kope zishikwe wazi, na maji yapitishwe taratibu kwa nusu saa hiyo hiyo, kichwa kikiinamishwa upande wa jicho lililoumia ili maji yasiende katika jicho zima.

Msipake mafuta ya nazi. Msipake asali, dawa ya meno, unga, wala yai. Mafuta huifunika tindikali, na kila kitu kinachopakwa hupoteza dakika zilizokuwa za maji. Wala msimwagie mtu magadi au chokaa kwa kudhani kuwa vitaiua tindikali: vikikutana nayo hutoa joto, na joto hilo litakuwa juu ya kidonda.

Aliyeimeza asilazimishwe kutapika, kwa kuwa itamchoma mara ya pili ikirudi. Asukutue kwa maji, ateme, apelekwe hospitali. Aliyevuta mvuke atolewe penye hewa safi, akae kitako, apelekwe hospitali hata kama asema hajambo. Mapafu yaweza kuanza kujaa maji saa kadhaa baadaye. Na kila aliyeungua kwa tindikali ya fomiki, hata kama kidonda chaonekana kidogo, aonwe na daktari, maana tindikali hiyo hupenya ngozi ikaharibu damu. Daktari aambiwe jina la tindikali au nambari yake.

MAKOSA YALIYOZOELEKA

Kuna mambo ambayo mtu hufanya kwa nia njema yakaongeza shari.

Kutupia unga wa mbao, makumbi, makonyo makavu au magunia ili yanywe tindikali. Vitu hivi huwaka. Mchanga na udongo mkavu haviwaki.

Kuizoa tindikali kwa sufuria, debe au ndoo ya bati. Tumekwisha kueleza hewa itokayo humo.

Kutupia chokaa isiyozimwa. Chokaa hiyo ikikutana na maji hutoa joto kali, na mvuke ulio karibu waweza kuwaka.

Kumwaga maji ndani ya dumu lenye tindikali. Hata wakati wa kazi ya kila siku, anayeizimua kwa ajili ya mpira humimina tindikali katika maji, kidogo kidogo. Hamimini maji katika tindikali, isije ikachemka na kumrukia usoni.

Kulifungua dumu la zamani kwa nguvu. Tindikali ya fomiki iliyo kali ikikaa sana hujigeuza kidogo kidogo ikatoa hewa ya kaboni monoksaidi, ile ile inayoua watu waliolala na jiko la makaa chumbani. Dumu hufura. Lililofura lisiguswe, aitwe mjuzi.

NA KARAFUU JE?

Twajua mwanachama atauliza hili, na ana haki, kwa kuwa karafuu ndiyo ada ya shule, ndiyo nguo ya sikukuu, ndiyo paa la nyumba. Karafuu zilizorushiwa tindikali zitengwe, zisichanganywe na nyingine, zisianikwe tena juu ya jamvi lile, wala zisipelekwe kuuzwa mpaka wataalamu wamezitazama. Gunia moja lililoharibika likichanganywa na kumi mazima, yote kumi na moja yameharibika, na jina la karafuu za kisiwa chetu pamoja nayo.

Hasara ya gunia ni hasara, hatubishi. Lakini mkarafuu utazaa tena, na goti la kijana halioti jingine. Mwanachama akiona tindikali imeelekea gunia zake, naazime. Msimu ujao atadai kwa nguvu ya mikono yake mizima.

TUNALOLITAKA KWA MKUTANO MKUU

Kuandika tu hakutoshi. Kamati imekubaliana kuleta mbele ya Mkutano Mkuu ujao mambo matano, nasi twaomba kila tawi liyajadili kabla:

Kwanza, bohari yoyote ya chama isipokee tindikali, mafuta ya taa, petroli wala dawa yoyote isiyokuwa ya karafuu, hata kwa usiku mmoja, hata kwa ndugu. Msafiri aliyekwama tutamsaidia kwa chakula, malazi na simu.

Pili, kila bohari iwe na pipa la maji lenye kata mbili, lijazwe kila asubuhi, na lisitumiwe kwa kazi nyingine.

Tatu, kila bohari iwe na sanduku la mchanga mkavu lenye kifuniko, na nambari ya simu ya Zimamoto iandikwe kwa rangi mlangoni, kwa tarakimu kubwa.

Nne, tuwaombe Zimamoto waje kila mwaka kabla ya msimu, watufundishe kwa vitendo wapimaji, wachambuaji na wabebaji. Akina mama wasiachwe nje ya mafunzo hayo. Siku ile aliyeokoa bohari alikuwa mwanamke.

Tano, na hili ndilo zito: chama kimlipie yule kijana gharama za matibabu yaliyobaki, na kimpe kazi ya uandishi wa mizani, ambayo haihitaji kupanda mti. Wako wanachama waliosema kuwa kijana aliingia mwenyewe, hakutumwa. Sisi twajibu kuwa alisikia sauti ya mkubwa wake ikisema okoeni karafuu, na katika nchi yetu mtoto aliyelelewa vizuri hangoji kuambiwa mara mbili. Tukimlea atii, basi tuyapime tunayomwamrisha.

Watu husema ajali haina kinga. Yawezekana. Lakini kibandiko kilikuwapo, hatukukisoma. Maji yalikuwapo, hatukuyamwaga. Na madumu yale yalikaa siku kumi na moja mbele ya macho yetu. Hiyo haikuwa ajali tupu. Siku nyingine harufu kama ile ikisikika katika bohari ya mwanachama yeyote, twataka neno la kwanza litakalotoka kinywani liwe jingine: "Tokeni nje!"

Wasalaam,

Katibu, kwa niaba ya Kamati